Mwenza Wangu Hasikii

2 Septemba

Mwanangu,

Bweni, kwa maana ninayoikusudia katika barua hii, ni nyumba ambayo wakaao humo hawakuchaguana, hawana undugu, na hakuna hata mmoja wao aliye mwenyeji. Sharti la tatu ndilo linaloitenga na nyumba nyingine zote. Nyumba ya kawaida ina mtu mmoja awezaye kukuambia "karibu, kaa" bila kumwomba mwingine ruhusa. Bwenini mtu huyo hayupo. Wote ni wageni, na wageni wasio na mwenyeji hulazimika ama kugombana au kujitungia sheria.

Kwa hiyo tegemea foleni. Tegemea kuijua saa anayoamka mtu ambaye hujui hata jina lake, na sabuni anayoogea, na wimbo anaouharibu akiwa bafuni. Tegemea pia kwamba mji mkubwa utakuwa nje ya dirisha lako ukifanya kazi zake bila kuuliza una mtihani lini. Mimi sijapata kuishi bwenini. Haya nimeyakusanya kwa miaka ishirini na sita ya ukalimani mahakamani, ambako kesi nyingi ndogo ni za watu waliogawana ukuta.

Simu tutapigiana ya salamu. Jambo lenye uzito liandikwe, kwa sababu sauti hupita mara moja, lakini maandishi unaweza kuyarudia mpaka uyaelewe.

Mama yako amesoma hadi hapa na anasema nimekuandikia hukumu. Anauliza kama ulikumbuka kandambili za bafuni.

Baba yako

*

11 Septemba

Baba, shikamoo.

Kandambili zilifika salama, na mimi pia.

Chumba chetu ni cha mwisho, ghorofa ya nne. Lifti ina tangazo kwamba inatengenezwa, na karatasi ya tangazo imekwisha kuwa ya manjano. Tuna vitanda viwili, makabati mawili, na meza moja chini ya dirisha. Huko chini kuna karakana ya wachora mabango; wanayaanika uani, kwa hiyo kila asubuhi nasoma maneno nusunusu: "...NYOZI WA KISASA", "...ZURI KWA BEI". Ajabu ya ghorofa hii ni swichi za taa. Fundi wa umeme, kwa sababu anazozijua mwenyewe, alizifunga nje ya vyumba, ukutani mwa ukumbi. Mpita njia yeyote anaweza kukuzimia taa ukiwa katikati ya sentensi.

Mwenza wangu wa chumba anasomea uhandisi wa madaraja. Hasikii, nakuambia mapema ili usije ukashangaa. Siku ya kwanza nilimwita mara tatu, akaendelea kupanga vitabu vyake. Asubuhi hubamiza kabati mpaka jirani anagonga ukuta, naye anaendelea na shughuli zake kama hakuna kitu. Usihangaike, nitazoea. Mambo yake yanahitaji barua ya peke yake, na hii naifunga kwa kuwa zamu yangu ya kufua imefika.

Binti yako

*

19 Septemba

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na usomaji wa tatu ndio ulionifungulia macho. Unasema mwenzako hasikii. Unatoa ushahidi wa namna mbili: huitwa asiitike, na huonywa asijirekebishe. Kisha unamalizia kwa neno "nitazoea". Mtu hazoei raha, huzoea kero. Umeyasema hayo kwa adabu uliyolelewa nayo, ukaficha mengine chini ya zamu ya kufua.

Sitakuacha uzoee. Nimemwandikia mlezi wa bweni kwa maneno haya: "Binti yangu amepangwa chumba kimoja na mwanafunzi asiyesikia. Nahofia jambo hilo litaathiri masomo yake, na naomba watenganishwe." Nimejizuia kuongeza sifa yoyote. Sentensi safi haihitaji ukali.

Mama yako alisimama nyuma ya kiti changu akasema, "Si umuulize mtoto kwanza?" Nikamjibu kwamba mtoto amekwisha kusema. Akasema, "Haya, mheshimiwa," akaenda zake. Unaijua ile "haya" yake.

Baba yako

*

21 Septemba

Baba, shikamoo.

Leo nina karatasi na nina nafasi, basi acha nikueleze habari za mwenzangu.

Amekuwa kiziwi tangu ana miaka minne. Jioni ile ya kwanza, baada ya mimi kumwita na kumwita kama punguani, aligeuka akaona uso wangu, akatoa ubao mdogo na chaki sandukuni, akaandika: "Nisamehe. Ulianza kunitukana lini?" Nikaandika chini yake: "Bado. Nilikuwa njiani." Tangu hapo hatujanyamaza.

Zile swichi nilizokulalamikia ndizo zilizomfanya akiombe chumba hiki kwa barua tatu. Bweni lote, ni ghorofa hii tu ambayo mtu aliye nje anaweza kubisha hodi kwa taa. Jirani wa pembeni huwasha na kuzima mara mbili, mimi mara tatu, na anayewasha na kuzima mfululizo bila kituo ni yule anayekuja kuazima pasi. Miaka yote ya shule, anasema, watu walimwingilia tu chumbani wakasimama nyuma yake. Hapa ndipo pa kwanza ambapo mtu humwomba ruhusa ya kuingia.

Na sasa nikwambie la maji. Maji hupanda ghorofa ya nne mara mbili tu kwa siku, kwa saa yanayojichagulia, nayo hukaa dakika ishirini. Zamani watu walikuwa wakizurura na ndoo mkononi asubuhi nzima. Mwenzangu huweka kiganja ukutani, kando ya dirisha, mahali ambapo bomba linapita kwa ndani. Huisikia pampu ikianza kule chini, na kwa mtetemo wake hujua kama leo inasukuma kweli au inajikohoza tu. Akiinua mkono, nakimbia ukumbini kuchezesha swichi zote, na milango kumi na minne inafunguka kwa ndoo na beseni. Hajakosea hata mara moja. Jirani wa pembeni, ambaye bado hulaani kabati letu kila alfajiri, alinishika bega juzi akasema, "Huyo wako mtunze. Kabati nitavumilia."

Ananifundisha lugha ya ishara. Ina sarufi kali, Baba, ungeipenda. Jina la ishara hujichagulii, unapewa. Langu ni vidole viwili juu ya pua, kwa namna ninavyosukuma miwani. Tunaongea mdomo ukiwa umejaa chakula, tunaongea mimi nikiwa uani na yeye dirishani, na hakuna anayepandisha sauti. Natamani siku moja umwone anavyoeleza daraja linavyobeba uzito. Mikono yake inakuwa daraja lenyewe.

Binti yako

*

26 Septemba

Kwa Mzazi,

Barua yako ya tarehe 19 imepokelewa. Ofisi inaelewa wasiwasi wa wazazi kuhusu wanafunzi wenye hali hiyo, nasi tumekuwa tukifikiria kwamba mwanafunzi husika angefaa kuwa karibu na uangalizi. Ombi limekubaliwa. Atahamishiwa chumba cha peke yake ghorofa ya chini, mkabala na ofisi, ifikapo tarehe 31 Oktoba. Binti yako atabaki alipo.

Nakala ya barua hii na ya barua yako amepewa mwanafunzi husika, kwa taarifa.

Mlezi wa Bweni

*

29 Septemba

Baba,

Nakala zilifika. Mama Funguo, ndivyo tunavyomwita mlezi, alizileta mwenyewe, akazisimamia zikisomwa.

Mwenzangu alisoma yako mara mbili, akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja. Kisha akachukua ubao akaandika: "Baba yako anaandika vizuri."

Chumba cha chini swichi yake iko ndani. Ukuta wake hauna bomba. Amekwisha kufunga sanduku moja.

Amenitazama tangu hapo kama mtu anayejaribu kukumbuka ni lini nililalamika. Na maneno ni yangu. Nimeyatafuta katika kumbukumbu na kweli niliandika "hasikii". Nilidhani namwandikia mtu ninayemjua.

Simu zako nimeziona. Ulisema jambo lenye uzito liandikwe.

Binti yako

*

6 Oktoba

Mwanangu,

Barua yako ya tarehe 21 na ya mlezi wako zilinifikia siku moja, katika mfuko mmoja wa posta. Nilianza na ya mlezi, kwa kuwa ilikuwa na mhuri, na sikuelewa anazungumzia hali gani. Kisha nikafungua yako. Nilisoma hadi neno "kiziwi", nikavua miwani.

Kusikia, katika lugha yetu, kuna maana tatu. Ya kwanza ni sauti kufika sikioni. Ya pili ni kukubali neno na kulifuata. Mtoto mkaidi husemwa hasikii ingawa masikio yake ni mazima. Ya tatu ni kuhisi kwa mwili: mtu husikia baridi, husikia njaa, husikia harufu. Shahidi akisema "hakusikia", nimewafundisha wakalimani wanne wapya wasitafsiri kabla ya kuuliza: kwa sikio, au kwa moyo? Mmoja wao alisahau mara moja tu, nami nilimkaripia mbele ya karani. Wewe uliliandika katika maana ya kwanza, mimi nikalisoma katika ya pili, na nilipolipeleka kwa mlezi likarudi kwenye ya kwanza likiwa limebeba lawama ya ya pili. Kwa njia hiyo mtu asiyenikosea kitu amesoma, kwa mwandiko wangu, kwamba binti yangu asikae naye kwa sababu ni kiziwi.

Sikuelezi haya ili nijitetee. Nayaeleza kwa kuwa ni lazima ujue kosa lilipo: halimo katika sentensi yako. Mwonyeshe mwenzako barua hii yote. Kwake nimeambatanisha nyingine, fupi, isiyo na uchambuzi wowote. Na kwa mlezi nimeandika leo kwamba nalifuta ombi.

Mama yako amenipikia chai akaiweka mezani kwa utaratibu mno.

Baba yako

*

13 Oktoba

Mzee wangu, shikamoo.

Mimi ndiye nisiyesikia. Barua yako fupi nimeipokea na msamaha umeupata. Ile ndefu uliyomwandikia binti yako nimeipenda zaidi, hasa pale kwenye chai.

Naomba nikuombe jambo moja: neno ni kiziwi. Halina sumu. Mngelitumia wote wawili tangu mwanzo, posta ingepumzika.

Lakini sikukasirika kama unavyodhani. Nilipokuwa mdogo bibi yangu alikuwa akinitambulisha kwa wageni hivi: "Huyu hasikii. Halafu pia hasikii." Wageni walicheka, nami nilikuwa nimesoma midomo, nikacheka nao. Kwa hiyo maana zako mbili nimeishi nazo nyumba moja. Kilichoniuma ni kudhani kwamba vidole viwili-juu-ya-pua alikuwa akicheka nami mchana na kuandika mengine jioni. Hilo limekwisha. Jana alibisha hodi kwa taa mara tatu akiwa tayari ndani ya chumba, mkono wake umetokea nje ya mlango, na akajifungulia mwenyewe.

Sasa shida iliyobaki. Mama Funguo anasema kanuni hairuhusu ombi lililokwisha kukubaliwa kufutwa hivihivi. Lazima aliyeomba athibitishe kwa maandishi kwamba sababu aliyoitaja haipo. Nami, Mzee, kwa bahati mbaya, bado ni kiziwi.

Alipanda juzi kuniletea ufunguo wa chumba kipya. Aliuweka mezani mara tatu na mara tatu niliurudisha mkononi mwake. Akaniambia taratibu, ili nisome vizuri mdomo: "Mbona husikii?" Nikaandika ubaoni: "Imo katika faili." Hakucheka. Kwa hiyo tazama ulipotufikisha: siku ulipoandika kwamba mimi ni mkaidi haikuwa kweli, na leo ni kweli kabisa. Ukitia saini kwamba sababu haipo, utakuwa umesema uongo kwa maana zote mbili.

Zimebaki siku kumi na nane. Binti yako anasema wewe hutii saini kisicho kweli hata kwa ajili ya ndugu. Nimemwambia basi tuone.

Mwenza wa chumba

*

20 Oktoba

Kwa Mlezi wa Bweni,

Umenitaka nithibitishe kwamba sababu niliyoitaja katika ombi langu haipo. Mimi ni mkalimani aliyeapishwa, na kwa hiyo nitaithibitisha kwa kuichambua.

Nilipoandika "asiyesikia" nilikusudia mkaidi. Sikuwa na ushahidi, na katika maana hiyo sababu haikuwapo. Kama umeiona tangu hapo, imezaliwa na barua yangu, na mzazi wake ni mimi, si yeye. Wewe uliielewa kuwa kiziwi. Katika maana hiyo ipo, lakini sikuwahi kuilalamikia, na sioni la kulalamikia. Inabaki maana ya tatu, tunayoitumia tunaposema mtu anasikia baridi au anasikia mtetemo. Katika maana hiyo, natia saini bila kusita: mwanafunzi huyu anasikia.

Sikuombi uniamini, kwa kuwa neno langu katika jambo hili limekwisha kuonyesha thamani yake. Naomba upande ghorofa ya nne asubuhi moja, maji yakiwa bado hayajafika, ukae.

Mzazi

*

29 Oktoba

Baba, shikamoo.

Alipanda leo. Alipumzika ngazi ya tatu, tukamsikia akiilaumu lifti kana kwamba si yeye aliyebandika tangazo. Tulimpa ndoo akaigeuza akaikalia mlangoni mwetu, faili lako mapajani.

Mwenzangu aliweka kiganja ukutani. Hakumtazama. Dakika kumi zikapita, Mama Funguo akaangalia saa, akasema, "Mbona hamna kitu?" Jirani wa pembeni akamjibu, mswaki mdomoni, "Tulia, Mama. Bado anasikiliza."

Pampu ikaanza, uso wa mwenzangu ukabadilika kidogo, kisha akatikisa kichwa. Ilikuwa inajikohoza. Ikaanza tena, na safari hii akainua mkono. Nikakimbia na swichi. Milango kumi na minne, Baba, na yule wa pasi akiwa wa kwanza kwa mara ya kwanza maishani mwake. Tulisimama kwenye foleni mbele ya bomba kavu, na Mama Funguo alitutazama kama anayehesabu vichaa. Kisha bomba likapiga chafya, maji yakaja.

Hakuondoka. Aliingia chumbani, akaweka kiganja chake pale pale ukutani, akafumba macho. Mwishowe akasema, polepole, akimgeukia mwenzangu ili midomo yake isomeke:

"Mimi sisikii kitu."

Mwenzangu akachukua mkono wake akausogeza, inchi mbili hivi, kuelekea dirishani. Sijui kama alisikia. Lakini alikalia tena ndoo, akafungua faili, akaandika neno moja chini ya barua yako, nasi sote tulilisoma kichwa chini miguu juu: "Abaki." Ufunguo wa chumba cha chini akaurudisha kwenye kishada chake.

Sanduku limefunguliwa. Kabati limebamizwa kwa heshima yako. Na umepewa jina la ishara, ambalo halitolewi ovyo kwa mtu ambaye hajaonwa: ni kidole kinachopiga mstari chini ya neno, mara tatu.

Jumapili piga simu. Nitapokea.

Binti yako

*

6 Novemba

Mwanangu,

Jina nimelipokea. Mama yako amelijaribu mezani, na sasa analitumia kuniita chakula kikiwa tayari, kwa hiyo katika nyumba hii kuna lugha ya pili. Anasema likizo ikifika mje wote wawili, na swichi ya chumba cha wageni iko nje, ukumbini. Miaka yote tumeiita kosa la fundi.

Naomba urekebishe ile tafsiri niliyokupa Septemba. Niliandika kwamba bwenini hakuna aliye mwenyeji. Nilipaswa kuandika kwamba hajulikani mapema.

Liko jambo jingine, na hili sijalimaliza. Kabla ya kila kesi mkalimani huinua mkono akaapa kwamba atafasiri kwa uaminifu yote atakayoyasikia. Nimelitamka neno hilo la mwisho tangu kabla hujazaliwa, na halijapata kunikwama. Jumatatu nina kesi ya majirani wawili wanaogombea ukuta. Nimekaa tangu asubuhi nikimfikiria mwenzako na kiganja chake, na mlezi aliyefumba macho, na wale watu waliojipanga na ndoo mbele ya bomba kavu kwa sababu mmoja wao ameinua mkono. Nitasimama, nitaapa. Lakini nitakapofika kwenye neno hilo, nitakuwa nimeahidi kwa maana ipi kati ya zile tatu?

Baba yako